Miezi mitano Ethiopia kujifunza Kiamhara: nianze na kuzunguka au nianze na darasa?

Mkalimani58 (Nakuru)

Hamjambo wote. Naishi Section 58 hapa Nakuru na kazi yangu ni ukalimani wa kuitwa: Kiswahili, Kiingereza na Dholuo, zaidi mahakamani. Mara nyingi sasa nimekaa kwenye benchi nikingoja kesi yangu nikaona vijana wa Kiethiopia wakipandishwa kizimbani. Wamekamatwa barabarani wakielekea kusini, Afrika Kusini ndiyo ndoto yao. Hakimu anauliza kama kuna anayejua Kiamhara. Kimya. Kesi inasogezwa, vijana wanarudi rumande, na pale nyuma karani anapiga simu Nairobi kumtafuta mtu ambaye ana kesi nyingine tatu wiki hiyo hiyo. Nimeamua huyo mtu nitakuwa mimi.

Nimeweka akiba. Pasipoti ya kielektroniki ninayo, na Mkenya haombi viza ya Ethiopia. Nataka kuondoka Juni, nikae miezi mitano. Mpango wangu ni huu: matatu hadi Nyahururu, Nanyuki, Isiolo, kisha basi la Moyale. Nikivuka, nizunguke polepole na begi mgongoni: Konso, Arba Minch, Hawassa, halafu nipande kaskazini mpaka Lalibela na Gondar. Miezi mitatu ya barabara ili sikio lizoee, ndipo miwili ya mwisho niingie darasani Addis Ababa nikiwa tayari na maneno yangu.

Naomba mnikosoe. Mpangilio huu unafaa? Begi nimeonyeshwa moja la lita 75, zuri sana, bei yake inaumiza. Pesa mnabebaje? Na kwa msichana anayesafiri peke yake kukoje? Mamangu yuko Ahero na anaamini naenda vitani.

Mzee_wa_Lurambi (Kakamega)

Kwa nini uende mbali hivyo? Eastleigh kumejaa Waethiopia. Panga chumba huko miezi mitano, utarudi unaota kwa lugha yao. Au soma Kifaransa, kina mashirika mengi.

Mkalimani58

Mzee, Eastleigh nimekwenda. Wengi niliokutana nao ni Waoromo, na wakijua wewe ni Mkenya wanakugeuzia Kiswahili kizuri kuliko changu. Kifaransa hakijanililia kizimbani bado.

Mama_Jebena (Kisumu)

Binti, karibu kwenye lugha itakayokuvunja koo. Mimi nauza kahawa na nguo za pamba za Kihabeshi pale Kibuye. Kiamhara nilikwenda kujifunzia Addis kwenyewe, kwa sababu nilichoka kununua Merkato, soko lao kuu, kwa mdomo wa mtu mwingine anayekula pande zote mbili. (Usikasirike, najua wewe ni mkalimani wa kiapo.) Nitakujibu kwa mapana, pika chai kwanza.

Mpango wako umeupindua chini juu. Soma kwanza, zunguka baadaye. Uliangalia ramani ya barabara, hukuangalia ya lugha. Moyale utasikia Kiborana, ambacho ni Kioromo, na Kisomali. Konso wana Kikonso chao. Dilla ni Kigedeo. Hawassa ni mji wa Wasidama, na tangu 2020 wana jimbo lao wenyewe. Shashemene unarudi kwenye Kioromo. Watu wa mjini huko wanakijua Kiamhara, sikatai, ila wao kwa wao wanasema chao, na wewe wakikuona mgeni watajaribu Kiingereza. Miezi mitatu ya hivyo utafika Addis na salamu za lugha sita na hujui kubishana bei ya nyanya. Addis ndiko watu wanagombana, wanachumbiana na kumsema jirani kwa Kiamhara, na hicho ndicho unachokifuata.

Juni pia iache. Mvua yao kubwa, kiremt, inaanza Juni hadi Septemba, na Addis iko juu mita 2,300 na zaidi. Wewe wa Nakuru umezoea baridi kidogo, sisi wa ziwani tunakoma kabisa. Wenyewe mwezi wa Agosti wanatembea wamejifunika shuka mpaka pua. Mwaka wao mpya ni Septemba 11, na Septemba 27 ni Meskel, sikukuu ya Msalaba. Ingia katikati hapo. Mvua inakatika, vilima vinageuka manjano kwa maua, walimu wamerudi kutoka makwao. Ukikaa mpaka Februari utapata Krismasi yao Januari 7 na Timkat, sikukuu ya Ubatizo, Januari 19, na kwa sherehe hizo mtu hakosi nyumba ya kumkaribisha.

Kwa hiyo una muda kuanzia leo mpaka Septemba, na muda huo una kazi moja: maandishi. Fidel, yaani herufi zao, ina safu 33, kila safu maumbo 7, jumla 231. Usiogope hesabu. Safu moja kwa siku, kwa mkono, kwenye daftari, mwezi mmoja na siku tatu umemaliza. Tena kuna unafuu ndani yake: h ziko tatu na zinasomwa sawa, s mbili, na kadhalika, wamezirithi kutoka Kige'ez cha kanisani. Vile vitabu vinavyoandika Kiamhara kwa herufi zetu vitupe. Vitakufundisha t moja wakati wao wana mbili, ya kawaida na ile inayolipuka koo likiwa limefungwa. K nayo hivyo hivyo, na ch. Hizo huzipati kwa kusoma. Tafuta mkahawa wa Kiethiopia Nairobi, agiza kahawa, mwombe mhudumu aseme, useme, akucheke, useme tena.

Sasa jambo linalokuhusu wewe kwa kazi yako. Kitenzi chao kinakaa mwisho wa sentensi. Shahidi anaweza kukutajia mtu, gari, usiku, barabara, pesa, rafiki yake, na bado hujui nani alimfanya nani nini mpaka neno la mwisho. Mimi wa sokoni nangoja tu nikinywa kahawa. Wewe hakimu anakuangalia. Tena wanatofautisha mwanamume na mwanamke hata katika "wewe": ante kwa mwanamume, anchi kwa mwanamke, na mtu wa heshima ni ersewo. Mwambie mwalimu tangu siku ya kwanza kwamba unataka lugha ya mahakama, la sivyo atakupa miezi miwili ya kuagiza chakula hotelini.

Darasa: chuo kikuu pale Sidist Kilo wanafundisha, waandikie mapema uulize tarehe na kama watakupa barua ya Uhamiaji, maana mhuri wa mpakani unakuja na siku zake. Usome pale pale dirishani kabla hujaondoka, umwombe afisa zinazokutosha. Walimu wa binafsi wamejaa pia. Yeyote utakayempata, lipa mwezi mmoja mmoja. Saa mbili kwa siku zinatosha, nyingine ni za kutembea.

Kulala, tafuta chumba ndani ya boma la familia, pande za Arat Kilo au Sidist Kilo. Bole ni kuzuri lakini kila mtu huko anataka kukufundisha Kiingereza chake. Katika boma utakuta lango moja, familia tatu au nne, bomba moja, na alasiri mwenye nyumba anatandaza nyasi chini, anakaanga buni, anaita majirani. Wanamimina mara tatu: abol, tona, baraka. Kikombe cha kwanza watu wanasalimiana, cha pili wanalalamikia bei, cha tatu ndipo siri za mtaa zinatoka. Kaa mpaka cha tatu, kila siku, hata kama hujaelewa kitu. Na msichana peke yake ndani ya boma ana mama wanne wanaouliza alikuwa wapi. Utachoka nao, lakini hilo ndilo jibu la swali lako la usalama. Nje fanya kama Nairobi: simu ndani ya mkoba, hasa Merkato na Piassa.

Begi la lita 75 mwachie mwenye duka. Kwenye mabasi linapandishwa juu ya paa na huko hulioni tena mpaka jioni. Lita 40, unalishika mapajani. Kibuye siku ya Jumapili mabegi ya mitumba unachagua mpaka unachoka. Tia sweta la maana, koti la mvua, sketi ndefu, mtandio mkubwa wa kuingia kanisani, viatu vya kuvua upesi maana kanisani huingii navyo, tochi ya kichwani, na kichwa cha chaji chenye pini mbili za mviringo kwa sababu soketi zao si zetu. Vitabu vya Kiingereza usibebe. Beba majani ya chai ya Kericho, pakiti kadhaa, ndiyo zawadi yako kwa kila boma.

Pesa: kadi ya benki ya Visa pamoja na dola safi zisizo na mikunjo, zikae sehemu mbili tofauti. Birr, sarafu yao, waliiachia sokoni Julai 2024 na dola moja ikapanda kutoka kama birr 57 hadi kupita 100, kwa hiyo bei utakazosoma za zamani zisahau, na usibadilishe yote siku moja. Safaricom iko huko na M-Pesa iko huko, lakini ni akaunti nyingine ya birr, ya kwako ya Kenya haifunguki nayo. Laini ya nyumbani usiitupe hata hivyo. Benki itatuma namba za siri kwenye hiyo.

Sasa kuzunguka. Hapa nitakuudhi. Lalibela na Gondar ziondoe kwa safari hii. Jimbo la Amhara lina mapigano ya jeshi na wanamgambo wa Fano tangu 2023, na barabara zake si za mtu wa begi. Makanisa ya Lalibela yamechongwa kwenye mwamba yapata miaka 800, yatakungoja. Baada ya miezi mitatu ya Addis, wewe nenda Hosaena. Ni kilomita kama 230 kusini magharibi. Watalii hawaendi, hakuna cha kupiga picha. Lakini vijana unaowaona kizimbani wengi wanatoka huko na kandokando yake, Hadiya na Kembata. Kihadiya au Kikembata ndicho cha nyumbani kwao. Kiamhara walikipata shuleni na sokoni. Ukizoea kile cha mtangazaji wa redio peke yake, siku ya kesi utasikia kitu kingine. Kaa Hosaena wiki kadhaa, panda bajaji, kula, sikiliza. Ukitaka kujipongeza baada ya hapo, kuna treni ya Addis kwenda Dire Dawa, kisha Harar iko mwendo mfupi kwa gari: mji wa ukuta wa kale, na usiku watu wanalisha fisi nje ya malango. Huo ndio utalii wako.

Nesi_Busia

Nyongeza tu kwa Mama Jebena. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, na tangu 2016 kadi ile ni ya maisha, kwa hiyo kama uliwahi kuchanjwa tafuta kadi usichome tena. Addis hakuna malaria kwa sababu ya baridi, ila Hawassa, Arba Minch na kote bondeni ipo. Neti ni nyepesi, beba. Nunua bima ya safari. Na kama kuna dawa unayotumia kila siku, chukua ya miezi yote na barua ya daktari.

Pia usishindane na mlima siku za kwanza. Hewa ya Addis ni nyembamba, utahema ngazini ukadhani umezeeka.

Dereva_wa_Turbi (Nakuru)

Dada, mimi napeleka viazi na kabichi Moyale na kurudi na maharagwe. Barabara Isiolo mpaka Moyale siku hizi ni lami tupu, wazee wetu walilala matopeni njia hiyo hiyo. Usifike Moyale usiku. Mpaka umefungwa, na utaokotwa na wale vijana wa kukubebea begi hadi gesti ya shemeji yao. Lala Marsabit, ondoka mapema, uvuke mchana kweupe.

Ukivuka, magari yanabadilisha upande, wanaendesha kulia. Angalia kushoto kwanza kabla ya kukanyaga lami. Nimeona Wakenya wakiponea chupuchupu hatua chache tu kutoka kwenye lango.

Mabasi yao ya masafa yanaondoka alfajiri na jua likizama yanasimama. Saa wanahesabu kama sisi, ya kwanza ni jua likichomoza, hapo huna shida. Tarehe ndiyo shida. Wana miezi 13, na mwaka wao uko nyuma ya wetu saba au minane. Tikiti ikiandikwa Meskerem 20, usiweke mfukoni ukaenda kulala. Muulize karani: ni kesho au kesho kutwa?

Njia ya Moyale hadi Hawassa inapita Bule Hora, na huko Guji Magharibi kuna siku hakupitiki salama kwa sababu ya wapiganaji wa Kioromo. Usiulize ofisi, uliza madereva wa malori pale kituoni. Wakisita, usipande. Rudi Nairobi upande ndege, akiba yako itaumia kidogo lakini mama wa Ahero atalala.

Mkalimani58

Nimesoma yote mara mbili. Juni nimeifuta, sasa ni katikati ya Septemba. Begi sitalinunua. Safu ya kwanza ya fidel nimeiandika leo kwenye matatu, mkono unatetemeka, lakini imeandikika.

Nimebaki na maswali matatu. Mama Jebena, hiyo Hosaena imenigusa na pia imenitia hofu. Mkenya anaingia mji ambao kila nyumba ina kijana aliyekwenda kusini, anauliza maswali, ana daftari. Si watadhani mimi ni wakala wa wale wanaosafirisha watu? La pili, nimelelewa kwa samaki, na nasikia wanafunga kila mara. La tatu ni mama. Anataka kuniona kila jioni kwenye simu.

Mzee_wa_Lurambi (Kakamega)

Nimerudi kusema nimekuelewa. Kifaransa kingoje.

Mama_Jebena (Kisumu)

Hilo la kwanza umelifikiria vizuri kuliko mimi. Ndiyo, watadhani wewe ni dalali, na hawatakuwa wamekosea sana kushuku, maana madalali wengine ni Wakenya. Kwa hiyo usiende Hosaena kama ulivyokwenda Addis, ukabisha hodi tu. Ukiwa Addis chagua mwalimu ambaye kwao ni Hadiya. Wapo wengi, wanafunzi wa chuo wanaohitaji hela ya kodi. Kaa naye miezi yako yote ya Addis, kisha mwombe akupeleke kwao wakati wa Krismasi, Januari 7, anapokwenda nyumbani mwenyewe. Utaingia mji kama mgeni wa mwana wao. Wengi huko ni Waprotestanti, watakuuliza unasali wapi kabla hawajakuuliza jina, jiandae. Daftari liache chumbani. Habari za vijana waliokwenda usiulize hata moja. Utazisikia zenyewe kwenye kikombe cha tatu, na zikija, nyamaza usikilize vitenzi.

Kufunga: Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi hawali nyama, mayai wala maziwa, na kabla ya Pasaka ni siku 55 mfululizo, ila wewe kama utaondoka Februari pengine utazigusa mwanzo tu, au usizione kabisa. Siku hizo agiza beyaynetu, sinia ya injera, ule mkate wao mpana na laini, yenye dengu, mboga na shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu) juu yake. Ni chakula kizuri kuliko cha siku za nyama, na bei yake nafuu. Uchachu wa injera utakusumbua wiki ya kwanza. Samaki utawapata Hawassa, kando ya ziwa, ngege wale wale wa kwetu, wanakaangwa mbele yako. Wenyeji wengine wanawala wabichi. Mimi nilikataa na nitakataa tena.

Mama wa Ahero mpe siku maalumu, Jumapili tu, na umwambie kabisa kwamba intaneti inaweza kukatika hata siku kadhaa, kuna wakati serikali yenyewe huizima. Ukimzoesha kila jioni, jioni moja ikikosekana ataamsha kijiji. Mwachie pia jina la mtaa na namba ya mwenye boma, kwa karatasi, si kwenye simu.

Na kwa mwalimu, andika sasa orodha yako kwa Kiswahili, maneno yote unayoyasikia pale benchini: dhamana, rumande, kukiri, kukana, shahidi, kuahirisha, kurudishwa kwao. Mpe siku ya kwanza. Akisema hayo ni magumu uanze na rangi na matunda, tafuta mwingine.